Nyayo za Pofu Huko Texas, na Misukosuko Mingine ya Traka wa Liwale

Kijifuko changu cha kwanza cha majivu kilikuwa soksi. Unachukua soksi ya pamba iliyochakaa mpaka ukiinua juani unaona upande wa pili, unaijaza majivu yaliyochekechwa, unapiga fundo juu, kazi imekwisha. Ukiitikisa mbele ya uso inatoa vumbi jepesi kama moshi wa sigara, na vumbi hilo linakuonyesha upepo unaelekea wapi, hata ule mdogo ambao ngozi haiusikii. Nyati anaweza kukuona akakudhania kisiki. Anaweza kusikia kijiti kimevunjika akadhani ni mwenzake. Akipata harufu yako, mmeachana. Majivu yangu mimi ni ya mninga, na nayachekecha kwa kichujio cha chai cha mke wangu, jambo ambalo kwa miaka yote hii hajalikubali.

Sasa kichukue kijifuko hicho ukipeleke Ujerumani.

Ilikuwa Agosti 2011, uwanja mmoja mkubwa wa ndege, safari yangu ya kwanza nje ya Afrika. Kijana wa forodha alikitoa kwenye begi, akakishika kwa vidole viwili, akamwita mwenzake. Mwenzake akamleta mbwa. Mbwa akaingiza pua, akapiga chafya tatu, akarudi kukaa nyuma ya bwana wake. Mimi Kijerumani nilijua neno moja tu, "danke", na Kiingereza changu ni cha porini: nyati, kushoto, piga, usipige. Nikaona nionyeshe kwa vitendo. Nikaitikisa soksi. Kumbe juu ya kichwa changu kulikuwa na kiyoyozi kinachopuliza kutoka nyuma, na majivu yote yakaenda kutua kwenye sare ya yule kijana. Nikamweleza kwa Kiingereza changu: "Upepo mbaya. Wewe nyati. Umeshanisikia."

Nilikaa kwenye chumba cha pembeni saa mbili na nusu. Mwenyeji wangu alipoitwa aje kueleza, alikuja mbio, akasema haya ni majivu ya kupimia upepo, kila mwindaji anacho kitu kama hiki, hata mimi ninacho. Akaingiza mkono mfukoni akatoa kichupa cha plastiki chenye unga mweupe, akauweka mezani kando ya soksi yangu. Basi tukakaa wawili, saa nyingine moja.

Nijieleze kidogo. Mimi ni Mngindo wa Liwale. Baba alianza kazi katika idara ya wanyamapori enzi za Ionides, yule Mwingereza aliyejulikana kwa kukamata nyoka, na mimi nilikua nikimfuata baba kwenye mashamba yaliyoingiliwa na tembo. Serikali ilipofunga uwindaji wa kitalii mwaka 1973 nilikuwa bado mwanafunzi. Ulipofunguliwa tena 1978 nilikuwa kijana mwenye miguu, na mwaka uliofuata nikaajiriwa kubeba maji katika kambi ya Selous. Kutoka maji nikawa mchuna ngozi, kutoka ngozi nikawa traka, yaani msoma nyayo za wanyama, na utraka ndio nilioufanya mpaka magoti yalipokataa.

Baba aliniachia neno moja la kazi: nyayo ukizishika usiziachie mpaka zikuonyeshe mwenyewe. Alisema damu ya mnyama aliyejeruhiwa ni deni, na deni halifutwi na giza wala mvua wala njaa yako. Nimelala porini na wageni wenye pesa nyingi wakilia njaa, kwa sababu nyati mmoja alikuwa na risasi ya mguu na bado hatujamfikia. Wengine walinichukia kwa hilo. Wengine wakawa rafiki zangu wa kudumu, na watatu kati yao, kwa miaka tofauti, walinikatia tiketi niende kuona wanavyowinda kwao. Kila nilikokwenda nilishika nyayo. Na kila niliposhika nyayo, jambo likatokea.

Mjerumani wangu ni daktari wa meno huko Bavaria. Kwao huwezi kushika bunduki ukaingia porini hivi hivi. Lazima uwe na cheti cha uwindaji, na mtihani wake ni mgumu kiasi kwamba wameubatiza jina la mtihani wa kumalizia sekondari, ila huu ni "wa kijani". Ukifaulu unakuta kuna lugha nyingine ya kujifunza. Wawindaji wao damu ya mnyama hawaiiti damu, wanaiita jasho. Masikio ya sungura ni vijiko, mkia wake ni ua, macho ya paa ni taa. Nilifurahi sana kusikia hivyo, maana baba naye porini hakumtaja simba kwa jina. Alisema "mwenye nyumba", na sisi watoto tulijua tunyamaze.

Bunduki ilikuwa ya daktari, mimi kazi yangu ilikuwa kukaa naye kwenye dungu. Ndiyo, dungu, lile lile la kulindia mpunga, ila lao lina paa la mbao na ngazi iliyopigiliwa vizuri, na wamo humo tangu jua halijachomoza. Mnyama tuliyemsubiri wanamwita Reh. Kwa umbo weka katikati ya funo na mbawala, rangi nyekundu ya udongo, pembe fupi zenye matawi matatu. Mwanzoni mwa Agosti madume wanatafuta majike, basi daktari akachuma jani la mti, akalibana kati ya midomo, akalipuliza. Likatoa sauti nyembamba ya jike. Babu yangu alikuwa akimwita funo kwa kubana pua, sauti inatoka karibu ile ile. Nikamwangalia yule mzungu na jani lake mdomoni, nikamwona ndugu.

Dume akaja mbio. Daktari akapiga. Dume akaruka juu, akageuka, akaingia kwenye shamba la mahindi.

Hapa ndipo tulipoachana. Kwa desturi yao, ukipiga unakaa kimya, unasubiri, mnyama alale afe kwa amani, ndipo unashuka. Ni desturi nzuri na nina sababu ya kuiheshimu, kwa maana hata sisi nyati aliyejeruhiwa hatumkimbilii. Lakini mimi ni Mwislamu, na daktari alikuwa ameniahidi ini la mnyama huyu tangu Liwale. Akifa kabla sijamchinja, sili. Miaka yote ya Selous, kazi ya kukimbia na kisu ilikuwa yangu. Miguu ilianza kabla ya akili. Niliteremka ngazi ile kwa kuruka vipandio viwili viwili, nikaingia mahindini.

Damu ilikuwa kwenye majani ya mahindi, usawa wa paja langu, nyekundu nyangavu yenye mapovu. Ukiona mapovu ujue ni pafu, na mnyama wa pafu haendi mbali. Hatua mia na ishirini hivi nikamkuta amelala, bado anapumua. Nikakisia kibla kwa jua lilikotokea, nikamgeuza, bismillahi Allahu akbar. Nikamshika kichwa mpaka akatulia.

Shamba la mahindi ni shamba la mahindi, liwe la Bavaria liwe la Nachingwea: ukishaingia katikati hujui ulikotokea. Nilitoka upande usio wenyewe. Nikatokeza kwenye njia ya baiskeli, kisu mkononi, mikono myekundu mpaka kwenye viwiko, mbele ya akina mama wawili watu wazima waliokuwa wanaendesha taratibu asubuhi njema. Wakasimama. Mimi nikataka kuwatoa hofu. Nikainua mikono yote miwili juu, pamoja na kisu, nikatabasamu, nikasema neno nililolijua: "Danke! Danke!"

Polisi walifika kwa magari mawili.

Walipofika, alikuwa amekwisha kufika pia baba yake daktari, mzee wa miaka themanini na kitu mwenye kofia ya kijani, na jirani aliyekuja na baragumu la kupigia mnyama akianguka. Daktari alieleza, jirani akaeleza, akina mama wakaeleza. Mzee hakusema kitu. Aliingia mahindini peke yake, akamwangalia dume, akaangalia shingo yake, akarudi akamwuliza mwanawe kwa nini imekatwa. Daktari, ambaye ameona nikichinja mara nyingi Selous, akamwambia: huyu mgeni wangu hali mnyama ambaye hakumtajia Mungu jina wakati anakufa.

Mzee akavua kofia. Akavunja kitawi cha mti wa kijani, akakiweka mdomoni mwa yule dume. Wanakiita tonge la mwisho. Akavunja kingine, akakigusisha kwenye damu, akampa mwanawe akiweke kwenye kofia. Kisha akamwambia jambo, na daktari akakivunja kitawi chake vipande viwili akanipa kimoja. Kwa desturi yao, kipande hicho hupewa yule aliyefuata damu, ambaye mara nyingi ni mwenye mbwa, na mbwa naye hutiwa chake shingoni. Siku ile mbwa hakuhitajika. Jirani akapiga baragumu. Polisi nao wakasimama wima wakasikiliza mpaka mwisho.

Kitawi kile ninacho mpaka leo, kimekauka, kipo ndani ya msahafu wa baba.

Ini tulikaanga na vitunguu. Kwao nyama za ndani ni haki ya anayemfungua mnyama, wanaita "haki ndogo ya mwindaji", kama ambavyo kwetu traka ana fungu lake ambalo hata mwindaji bingwa haligusi. Nguruwe pori wao sikula kwa sababu mnazozijua, ila nilikaa na daktari akimpeleka mmoja kupimwa mionzi. Mwaka 1986 kile kinu cha nyuklia cha Chernobyl kilipolipuka, upepo uliileta sumu mpaka Bavaria, ikazama ardhini, na nguruwe wanafukua uyoga wa chini wanaila mpaka leo. Ikizidi bekereli 600 (kipimo cha mionzi) kwa kilo, nyama haiuzwi. Wa siku ile alizidi, na daktari alisikitika kama mtu aliyeambiwa ana mgonjwa nyumbani.

Uskoti nilikwenda Septemba 2014. Waliniambia tunakwenda kuwinda kwenye msitu wa kulungu, na neno "msitu" wanalitamka bila wasiwasi. Niliamka alfajiri nikatoka nje niuone. Mlima, mlima, mlima, na hapana mti. Majani mafupi ya zambarau mpaka macho yanapokoma. Msitu wa kulungu maana yake ni eneo la kulungu, miti haihusiki. Mtu wa miombo kama mimi nilijihisi nimevuliwa nguo hadharani.

Nguo walinivalisha. Suti nzito ya sufu yenye rangi za mlima ule, maana kila shamba lao kubwa lina mfumo wake wa nyuzi, na suruali inaishia chini kidogo ya goti. Ikilowa inakuwa na uzito wa mtoto wa darasa la pili. Na ililowa. Kuhusu wadudu nitasema machache: ni wadogo kuliko punje ya ulezi, wanakuja kwa maelfu upepo ukitulia, na mtu aliyezoea mbung'o wa Selous asijidanganye kwamba amekwisha kuona kila kitu. Mbung'o unaweza kumpiga kofi ukamhesabu.

Mzee wa mlima, yaani yule mwenyeji wa kazi anayeongoza wawindaji, alikuwa mtu wa maneno matano kwa saa. Tulipoanza kupanda nikatoa kijifuko changu, nilichokijaza majivu ya meko ya nyumba ya wageni, nikatikisa. Kikatoa tone. Mvua ilikuwa imeingia, na majivu yamekuwa uji. Mzee aliutazama uji ule kwenye kiganja changu kwa heshima, akaingiza mkono mfukoni, akatoa unyoya wa sufu ya kondoo aliouokota kwenye waya, akauachia. Ukaelea kuelekea kulia. Akanipa fungu lake moja, nikaliweka kifuani ndani ya shati.

Walikuwa wakati ule wanawinda madume kuanzia Julai 1 mpaka Oktoba 20, na mwisho wa Septemba kulungu dume ananguruma kama ng'ombe mwenye hasira ndani ya pango. Tulitambaa ndani ya kijito cha maji baridi kiasi cha mita mia mbili, kwa tumbo, yeye mbele mimi nyuma, bunduki ya shamba iko kwake. Tulipofika, akanipa. Nikasoma bismillahi, nikafyatua. Dume akayumba, akapanda bega la mlima, akaingia kwenye ukungu.

Mzee akasema, "Subiri."

Nami nilijua kusubiri ni sawa. Lakini ukungu ulikuwa unashuka, na mvua inaosha damu. Nikaenda. Hatua ya thelathini ardhi ikafunguka. Kule kuna sehemu ambazo juu zimeota majani mazuri ya kukanyagika, chini ni tope jeusi la mimea iliyooza kwa maelfu ya miaka. Nilizama mpaka kiunoni, taratibu, nikiwa nimesimama wima.

Sasa sikilizeni. Nikiwa pale ndani, macho yangu yakawa usawa wa yale majani ya zambarau. Na hapo, chini ya vishina, mahali ambapo mvua haijafika, nikaiona damu. Tone, nusu hatua, tone. Mtu aliyesimama asingeiona kamwe. Nikaanza kumwonyesha mzee kwa kidole: pale, halafu pale, amekunja kushoto. Mzee alikuwa amelala kifudifudi ananinyooshea fimbo nijivute, na mimi nasoma nyayo. Akaniambia, na hayo yalikuwa maneno mengi kwake, kwanza toka, halafu utaniambia alikokunja.

Nikatoka. Kiatu cha kulia kilibaki. Tukafuata nilikoonyesha, mimi mguu mmoja peku juu ya mawe, na mita sitini mbele dume alikuwa amelala amekwisha kufa. Mwenye pembe kumi. Nikampapasa shingo muda mrefu.

Wana desturi kwamba aliyeua kulungu wake wa kwanza hupakwa damu mashavuni, na haoshi mpaka jioni. Mzee akachovya vidole, akanipaka kabla sijaelewa. Nilimwona machoni kwamba ananipa kitu kikubwa. Na saa yangu ilikuwa inasema alasiri imeingia, na damu ni najisi, siwezi kusimama mbele ya Mungu nayo. Nikamweleza kwa Kiingereza changu na mikono. Alifikiri. Akavua koti lake, akasimama upande unaotoka upepo akalitanda kama pazia, mimi nikapiga magoti kijitoni nikaosha uso, nikatawadha kwa maji yaliyoniuma mpaka kwenye meno, nikaswali juu ya mfuko wa bunduki. Muda wote alisimama na lile koti, mvua inampiga mgongoni.

Nilipotoa salamu, alichovya tena kidole kwenye damu, akainama, akapaka kwenye kiatu changu cha kushoto, kile kilichobaki. Tukapeana mikono. Kisha akaja kijana na farasi mfupi wa kijivu, tukampakia kulungu, tukashuka.

Njiani kwenda Texas, Novemba 2018, nilibadilisha ndege Ghuba, na kwenye viti vya kusubiria akaja kukaa kando yangu bwana mmoja mwenye kozi mkononi, yule ndege mwindaji, amefunikwa macho kwa kofia ya ngozi. Bwana yule aliniamkia kwa Kiswahili cha Unguja, mama yake alizaliwa Malindi ya mjini Zanzibar. Akanionyesha pasipoti ya ndege wake, maana Falme za Kiarabu zinawapa kozi pasipoti tangu 2002. Nikamsomea: "Kozi mwana mandanda, kulala na njaa kupenda." Akacheka mpaka akafuta machozi, akasema hajausikia tangu bibi yake afariki. Mimi maisha yangu nimesoma miguu, na mguu wa kozi sikuwahi kuuona kwa karibu, basi nikainama nichungulie kucha kutoka chini. Hapo ndipo kozi alipojisaidia. Kofia yangu ilikuwa mpya. Bwana yule alikwenda akaninunulia nyingine pale pale, ya Kiomani, na ninaivaa Ijumaa.

Mwenyeji wangu wa Texas ana shamba kwenye vilima vya mawe ya chokaa karibu na Kerrville. Zaidi ya tisini kwa mia ya ardhi ya Texas ni mali ya watu binafsi, kwa hiyo kila kilima kina mwenyewe na kila mwenyewe ana uzio. Alfajiri ya kwanza alinipeleka kwenye kibanda cha mbao chenye viti vya kuzunguka na jiko dogo la gesi la kupashia moto. Mbele yake, mita themanini, pipa la mahindi juu ya miguu mitatu. Pipa lina saa. Ilipofika saa moja kamili asubuhi likanguruma likarusha mahindi pande zote, na kulungu wao wadogo wakatoka vichakani wakaja kula. Nikamwuliza mwenyeji, hapa traka anafanya nini? Akasema, "Anakunywa kahawa."

Nilikunywa siku mbili. Ya tatu nikaaga nikatembee.

Karibu na kisima cha mifugo, kwenye udongo laini, nikaona kwato. Nikapita. Nikasimama. Nikarudi. Za mviringo kama za ng'ombe, lakini za mbele pana kuliko za nyuma, na ya nyuma inakanyaga karibu ndani ya ile ya mbele. Juu yake matawi yamevunjwa kwa pembe, usawa wa kichwa changu, na majani yake hayajanyauka. Nikapiga magoti. Hizo zilikuwa nyayo za pofu. Yule swala mkubwa, mbunju, kama tunavyomwita sisi wa kusini. Nimemfuata pofu maisha yangu yote, anatembea siku nzima bila kusimama, na hapa alikuwa Amerika, amepita asubuhi hii hii. Sioni haya kusema machozi yalinitoka.

Nikazishika. Ilikuwa saa mbili asubuhi. Kwenye mawe ya chokaa nyayo zinapotea, unabaki na kokoto iliyogeuzwa, upande wa unyevu juu, na jani lililobanwa. Mara mbili nilizipoteza, mara mbili nikazunguka nikazikata mbele. Kama saa tano hivi nikaanza kuona miti iliyopakwa rangi ya zambarau, mstari wa kusimama, urefu wa kiganja, usawa wa kifua. Kwetu bwana misitu akipaka rangi mti, maana yake mti huo unavunwa. Nikahesabu miti tisa, nikasema mwenye shamba huyu atapata mbao nzuri. Nikaendelea.

Kisha uzio, karibu mara moja na nusu ya urefu wangu. Juu ya waya wa mwisho kulikuwa na manyoya ya kahawia. Pofu yule mzito kama gari alikuwa ameuruka akiwa amesimama. Mimi nilipita chini, mahali maji yalipochimba.

Saa saba mchana pikapu ikasimama mbele yangu. Akashuka mzee wa rika langu, kofia pana, bunduki imelala mkononi. Alisema maneno mengi na neno moja lilirudi rudi, zambarau. Baadaye nilielezwa kwamba Texas tangu 1997 rangi hiyo mtini ni sheria, maana yake usiingie. Wakati ule sikulijua hilo. Nilijua nyayo zilikuwa mbichi na yeye ameegesha gurudumu karibu kuzikanyaga. Nikainua mkono mmoja, kwa mwingine nikaonyesha chini ya tairi lake. Nikamwambia: "Pofu. Dume kubwa. Leo. Tafadhali sogeza gari."

Alinyamaza. Akaja akainama kando yangu, magoti yake yakalia kama yangu. Akaniuliza kwa sauti nyingine kabisa: una hakika?

Pofu alikuwa wake. Mafuriko ya Oktoba mwaka ule yalikuwa yamebomoa uzio wa ndani, na dume lile likatoka. Wiki tatu alikuwa anamtafuta kwa gari na kwa darubini. Hakutaka kumpiga, alitaka arudi kwa majike wake. Tukaacha pikapu, tukaenda kwa miguu. Baada ya saa moja nikamshika mkono nikamsimamisha. Tulia usikie, nikamwambia. Tik. Tik. Tik. Pofu akitembea miguu yake inalia hivyo, na ukiwa kimya unamsikia kabla ya kumwona. Mzee alikuwa amemfuga miaka kumi na moja, na hakuwahi kuzima injini karibu naye akasikia.

Nikatoa soksi, yenye majivu ya jiko la nyama choma la mwenyeji wangu, nikatikisa. Maisha yangu yote nimetumia majivu ili mnyama asinipate harufu. Siku ile nilifanya kinyume. Lango la zizi kubwa lilikuwa kaskazini, kwa hiyo tulizunguka mpaka upepo ukawa mgongoni mwetu na pofu yuko kati yetu na lango, tukasimama tu, tukamwachia harufu ya wazee wawili waliotoka jasho. Akainua kichwa. Kidari kile, ile ngozi inayoning'inia shingoni, ikayumba. Akageuka, akaenda mwendo wake wa kukokota, tik, tik, akapita langoni kana kwamba ndiye aliyeamua. Mzee alifunga lango, akaegemea, hakuzungumza kwa muda.

Alinirudisha kwa gari. Kwenye kila mti wa zambarau alipunguza mwendo akanieleza sheria yake tena, na mimi nikamweleza majivu: soksi ya pamba, ichakae kwanza, majivu yachekechwe mara mbili. Alitaka kuiona, nikampa. Akaifunga kwenye kioo cha mbele, kati ya rozari na kalenda ya chakula cha mifugo, na sikuwa na moyo wa kuidai.

Niliporudi Liwale nilimwomba mke wangu soksi nyingine na kichujio cha chai. Soksi alinipa.